Beki wa pembeni: ukipanda, nani anabaki?

Chukua uwanja wenye upana wa mita 68, toa mita 40.32 za boksi la penalti. Kila upande unabaki ukanda wa mita 13 na sentimita 84. Huo ndio mtaa wa beki wa pembeni. Atapanda na kushuka humo dakika 90, kwetu mara nyingi kuanzia saa 10 jioni jua likiwa bado halijapoa, na mwisho wa siku kocha atamhukumu kwa swali ambalo jukwaani halina wimbo: mpira ulipopotea, wewe ulikuwa wapi?

Vijana wengi wanaopewa namba mbili (beki wa kulia) au namba tatu (beki wa kushoto) walianza kama mawinga. Kocha kaona mbio zipo, pafu lipo, mabao hayapo, kawarudisha nyuma. (Namba tatu ina utani wake pia, maana "beki tatu" Bongo ni dada wa kazi za ndani. Utazoea.) Hujashushwa cheo. Antonio Valencia alifika Manchester United akiwa winga, akaja kuwa nahodha akicheza beki wa kulia. Alphonso Davies alitua Bayern Munich kama winga, na mwaka 2020 akabeba Ligi ya Mabingwa akiwa beki wa kushoto. Wanaokwama kwenye mabadiliko haya ni nadra kukwama kwa kukosa nguvu za kukaba. Wanakwama kwa sababu macho bado ni ya winga: mpira ukishakuwa wetu tu, mguu unawawasha.

Hesabu kabla ya kupanda

Kabla hujatoka, tazama mara tatu. Beki wa kati wa upande wako kasimama wapi? Kiungo mkabaji kabaki au naye kavutwa mbele? Na mwenzako wa upande wa pili keshapanda? Kama keshapanda, wewe unabaki, hata kama mbele yako kuna nafasi ya kulima shamba. Kanuni inayotumika na makocha wengi ni nyepesi: wapinzani wakiacha washambuliaji wawili juu, sisi tunaacha watu watatu nyuma, kipa haingii kwenye hesabu. Ukipanda ukavunja hesabu hiyo, krosi yako ikiokolewa tumekwisha.

Kuna na suala la lini. Winga wako akipokea mpira akiwa ameligeuzia goli la wapinzani mgongo, usipande. Kaa mita 8 hadi 10 nyuma yake, awe na mtu wa kumrudishia. Akishageuka na kumtazama beki wake uso kwa uso, hapo ondoka, tena ondoka kwa kasi, ukipita nje yake mita tatu au nne. Wengi huondoka mapema. Wanafika mbele mpira haujapigwa, wanasimama, wanaotea, au winga wa wapinzani anapata muda wa kuwafuata taratibu kama anasindikiza mgeni. Na ukikimbia usipewe, usirushe mikono. Mbio zako zimemvuta mtu mmoja, winga wako kapata upenyo wa kukata ndani, ndiyo faida yake.

Mpira ukipotea ukiwa huko juu, amua papo hapo. Aliyeuchukua yuko ndani ya mita 10 kutoka kwako? Mzonge. Yuko mbali zaidi? Achana naye, rudi. Hapa kuna kosa ambalo hata wachezaji wa ligi kubwa hulirudia: kurudi kwa kufuata chaki (mstari wa pembeni), wakimkimbiza winga kwa nyuma. Goli haliko kwenye chaki. Kata uwanja kimshazari, elekea nguzo ya goli iliyo upande wako, umkute mbele ya safari. Njia ni fupi zaidi, na hata usipomfikia, utakuwa umeziba pasi ya kati, ambayo ndiyo inayoua.

Winga kapokea, mko wawili

Tuliangalie tukio hili polepole, maana ndilo mkate wako wa kila siku. Kazi huanza mpira ukiwa njiani bado. Muda ambao pasi inasafiri kwenda kwa winga ndio muda wako pekee wa kukimbia kwa nguvu zote. Ukibakiwa na mita tatu, funga breki kwa hatua fupi fupi, magoti yamekunjwa, uzito kwenye vidole vya miguu. Simama kama mita moja na nusu kutoka kwake, ubavu ubavu, mguu mmoja mbele. Mguu uliotangulia ndio unaomwambia aende wapi: ukiwa beki wa kulia na unataka aende kwenye chaki, tanguliza wa kushoto, mlango wa ndani ufungwe. Chaki ni beki mwenzako, haipigwi chenga.

Ukisimama miguu sambamba, kakupita, iwe kwa tobo (mpira katikati ya miguu yako) au kwa kasi. Ukitazama miguu yake, kakupita vilevile, kwa kuwa miguu hudanganya. Tazama mpira. Usinyooshe mguu mpaka auguse kwa nguvu kupita kiasi, mpira ukaachana na mguu wake zaidi ya hatua moja. Kabla ya hapo kazi yako ni kumchelewesha. Sekunde tatu ulizomchelewesha zinatosha kiungo wako kufika, na wawili kwa mmoja ni hesabu nyingine. Kujilaza chini ni kwa dharura tu, ukiwa umeshapitwa. Beki anayeteleza mara tano kwa mechi hupigiwa makofi na jukwaa, lakini mtaalamu anayemwangalia anaandika kwamba kila mara alichelewa kufika.

Winga akiwa na mguu tofauti, yaani wa kushoto anayecheza kulia, mambo yanageuka: yeye anataka kuingia ndani apige shuti. Usimwonyeshe ndani kwa mazoea. Elewaneni na beki wa kati kabla ya mechi nani anafunga mlango upi.

Nguzo ya mbali

Mabao mengi anayolaumiwa beki wa pembeni hayaanzii upande wake. Krosi inatoka kulia, beki wa kushoto ameduwaa na mpira, nyuma ya bega lake winga anaingia kimya na kumalizia kwa kichwa akiwa peke yake. Dawa yake ina sehemu mbili. Mpira ukiwa upande wa pili, ingia ndani mpaka uwe usawa wa nguzo yako au zaidi, mita zisizozidi 10 kutoka kwa beki wa kati, na uache chaki iwe tupu. Pasi ya kuvuka uwanja mzima inachukua muda, utawahi. Ya pili ni shingo. Geuza kichwa nyuma ya bega kila baada ya sekunde mbili au tatu, mwili ukiwa umefunguka ili uone mpira na mtu kwa pamoja. Ukishindwa kuviona vyote, rudi hatua mbili nyuma.

Mstari wa kuotea nao mara nyingi huvunjwa na wa pembeni. Mabeki wa kati wamepanda kwa amri ya sauti, yeye kabaki mita moja nyuma, akili ikiwa kwingine. Sikiliza sauti ya wa kati, panda naye.

Krosi, na mpira wa kurusha

Kwenye krosi kosa kubwa ni kupiga bila kuinua kichwa. Angalia mara moja kabla ya mguso wa mwisho. Mabeki wao wakiwa wanakimbia kuelekea goli lao, piga mapema, chini kwa chini au usawa wa goti, kati yao na kipa. Wakiwa wameshajipanga, endelea mpaka karibu na mstari wa goli kisha urudishe nyuma, pale kwenye doa la penalti, kwa kiungo anayekuja. Mpira wa juu unaoelea ni zawadi kwa kipa. Fanya mazoezi ukiwa umechoka, ndivyo mechi ilivyo: kimbia mita 40 kwa kasi, piga krosi, rudi ukitembea, pumzika nusu dakika, urudie mara 6. Ukimaliza, pumzika dakika 3, rudia seti nyingine. Hesabu ngapi zimevuka beki wa kwanza. Utashangaa.

Mipira ya kurusha mingi ni yako, na ni ajabu jinsi isivyofanyiwa mazoezi. Miguu yote miwili iguse chini, kwenye chaki au nje yake; mpira utoke nyuma ya kichwa na upite juu yake. Mguu wa nyuma ukinyanyuka wote, wapinzani wanapewa. Kuotea hakupo kwenye mpira wa kurusha, kwa hiyo straika anaweza kusimama nyuma ya mabeki na ukampa moja kwa moja. Mpinzani lazima akae angalau mita 2 kutoka mahali unaporushia. Akikusogelea mwambie refa, usibishane naye.

Mwili

Kinachomaliza mabeki wa pembeni ni nyama za nyuma ya paja, kisha nyonga. Sababu inaeleweka: mbio za kasi zinazorudiwa na breki za ghafla, nyingi kuliko za beki wa kati. Zoezi lenye ushahidi mzuri halihitaji gym. Piga magoti, mwenzako akushike vifundo vya miguu, shuka mbele polepole mwili ukiwa umenyooka kutoka magotini hadi kichwani, ukijizuia kwa nyuma ya mapaja mpaka ushindwe, kisha pokea ardhi kwa mikono. Wiki ya kwanza siku moja, seti 2 za mara 5. Ya pili siku mbili, seti 2 za mara 6. Ya tatu siku tatu, seti 3 za mara 6 hadi 8. Ongeza kidogo kidogo. Fanya baada ya mazoezi, kamwe si siku moja kabla ya mechi, kwa kuwa mwanzoni maumivu ya misuli ni makali, na wengi huacha wiki hiyo hiyo ya kwanza.

Nyama ikikuvuta dakika ya 70, toka. Ukiendelea, uchovu wa siku chache unageuka mchaniko wa wiki kadhaa, na anayeingia badala yako akicheza vizuri mechi nne, namba si yako tena. Upande wa pili wa shilingi: ukiwa akiba, pasha misuli kwa dhati. Cafu, beki wa kulia wa Brazil, aliingia fainali ya Kombe la Dunia 1994 kipindi cha kwanza baada ya Jorginho kuumia. Akacheza pia fainali za 1998 na 2002, ya mwisho akiwa nahodha.

Thamani yako sokoni

Mguu wa kushoto ni bidhaa adimu. Ukiwa nao, usikimbilie kubadilishwa namba. Mohamed Hussein "Tshabalala" alishikilia upande wa kushoto wa Simba kwa zaidi ya miaka 10 kabla ya kwenda Yanga mwaka 2025. Ukiwa wa mguu wa kulia, jifunze kucheza pande zote mbili: Philipp Lahm wa Ujerumani, mtu wa mguu wa kulia, alifungua Kombe la Dunia 2006 kwa bao akicheza beki wa kushoto, akikata ndani na kupiga kwa mguu wake. Kiraka, mchezaji wa namba nyingi, hakosi basi la timu ya ugenini, waulize wanaomjua Erasto Nyoni wa Taifa Stars, aliyecheza pembeni, kati na kiungo. Ila hakikisha una namba moja ambayo ni nyumbani, la sivyo utakuwa mtu wa kuziba pengo kila msimu.

Video ya kujiuza isizidi dakika tano, na nusu yake iwe ukikaba: wewe na winga, wewe na nguzo ya mbali. Weka pia mechi nzima moja. Mkusanyiko wa krosi na chenga tupu unamwambia mtazamaji kwamba una cha kuficha.

Wakala lazima awe na leseni ya FIFA, na mkataba wako naye hauruhusiwi kuzidi miaka miwili. Anayeomba pesa za "kukupeleka majaribio" Ulaya au Uarabuni, mkimbie. Chini ya miaka 18, uhamisho wa kimataifa umezuiwa na FIFA isipokuwa kwa sababu chache zilizotajwa, na mkataba wa mchezaji wa umri huo hautambuliwi zaidi ya miaka mitatu. Mkubwa anaweza kusaini hadi mitano. Ukibakiza miezi sita au chini kwenye mkataba, una ruhusa ya kusaini na klabu nyingine kwa ajili ya baadaye.

Kwenye meza ya mkataba, usikubali bonasi iliyofungwa kwenye mabao. Wewe siyo straika. Dai bonasi ya mechi ulizocheza na ya mechi ambazo timu haikuruhusu bao. Iandikwe nani analipa matibabu, na mshahara unaendelea vipi ukiwa majeruhi. Ondoka na nakala iliyosainiwa siku hiyo hiyo, si "njoo kesho". Mishahara miwili ikipita bila kulipwa, kanuni za FIFA zinakuruhusu kuvunja mkataba, lakini kwanza uiandikie klabu rasmi na kuipa angalau siku 15 za kulipa. Wanaoacha kwenda mazoezini bila barua hiyo ndio hujikuta wao wakidaiwa.

Ukivuka miaka 30 kasi itapungua, hakuna mganga wake. Anza kusimama mita mbili nyuma zaidi ya ulivyozoea, panda mara chache ila kwa wakati wake, na omba kocha akujaribu beki wa kati kwenye mechi za kirafiki kabla hajalazimika kukutafutia mbadala.