Jibu: Kufufua ngitili ya babu, Shinyanga

Ndugu, umeuliza kama ngitili (eneo la malisho ya akiba kwa kiangazi) ya babu yako yenye vipara ilimwe na kupandwa upya. Usilime! Visiki vya migunga vikichipua, kila kimoja kiachie machipukizi mawili au matatu yaliyonyooka, mengine kata. Kwenye vipara, vunja ganda gumu la juu kwa jembe, mwaga samadi, kisha tandaza matawi ya miiba. Hunasa mbegu na kuzuia mbuzi. Funga ngitili, mifugo isiingie, mvua zinapoanza, Novemba hivi, ufungue Julai au Agosti, nyasi zikishapukutisha mbegu. Wengi huharibu hapa: wakifungua Aprili, nyasi za kudumu hudhoofika, magugu yakashika nafasi. Tangulizeni ndama na maksai, kipande kwa kipande. Wavamizi wapelekeni dagashida, baraza la jadi la Wasukuma. HASHI, mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga ulioanza 1986, uliheshimu utaratibu huohuo.