Kwa mwanangu: ukipiga magoti na maneno hayaji

Mwanangu mpendwa,

Bwana asifiwe. Unaniuliza kama imani yako imeisha, kwa kuwa tangu kazi ikatike mwezi Machi, ukipiga magoti hutoki na neno ila "Mungu, mbona mimi?", kisha unaona aibu na kunyamaza. Usinyamaze. Hiyo "mbona" ndiyo sala yenyewe, nawe unaifungia mlango kabla haijaingia.

Fungua Zaburi ya 13. Ina mistari 6 tu. Miwili ya kwanza ni malalamiko matupu: "hata lini" inarudi mara 4, na anayelalamikiwa ni Mungu mwenyewe, ana kwa ana. Mstari wa 3 na wa 4 ni ombi. Tumaini linakuja mwishoni. Sisi makanisani tumezoea kinyume chake, shukrani mbele na malalamiko yasitajwe kabisa, ndiyo maana mtu huomba kwa maneno ambayo moyo wake hauyajui, akachoka baada ya wiki, akadhani amerudi nyuma kiroho.

Basi fanya hivi asubuhi, kabla hujashika simu. Dakika 10 zatosha. Soma zaburi hiyo kwa sauti, polepole, mara 2. Chukua daftari uandike "hata lini" zako, kila moja na jambo lake. "Hata lini nitateseka" ni maneno mapana mno, hayakamatiki. Andika: "Hata lini mwenye nyumba anigongee mlango kila tarehe 5?" Chini yake weka ombi moja, la leo: nauli ya kwenda kwenye usaili, au usingizi wa usiku mmoja. Ukifika kwenye tumaini na kalamu ikagoma, usiilazimishe. Nakili mstari wa 5 ulivyo, ufunge daftari. Kuazima maneno si unafiki. Yesu pale msalabani alilia kwa maneno yanayofungua Zaburi ya 22. Na usiogope kurudia ombi la jana: Mathayo anaandika kwamba kule Gethsemane aliomba mara ya 3 kwa maneno yale yale.

Zaburi ya 88 iweke akiba ya siku mbaya kabisa. Inaanza kwa kumwita Mungu wa wokovu, na inaishia gizani, pasipo hata mstari mmoja wa faraja. Ni nadra kuisikia ikihubiriwa, lakini imo, wala hakuna aliyethubutu kuiongezea mwisho mwema.

Kuhusu huyo aliyekuambia ufunge kavu siku 7 na upande mbegu ya laki moja, yaani utoe sadaka hiyo ili Mungu akujibu, sikubaliani naye hata kidogo. Siku 7 bila maji zinaua, na wewe una vidonda vya tumbo. Nabii Elia alipochoka hadi kuomba afe, katika 1 Wafalme 19, hakupewa mfungo. Alilala chini ya mti wa mretemu, malaika akamwamsha ale mkate na maji, akalala tena, akaamshwa tena akala. Mazungumzo na Mungu yalikuja baadaye, kule mlima Horebu. Kwa hiyo kula kwanza, na mkesha uache mpaka usingizi urudi. Na hiyo laki ni kodi ya nyumba. Mtume Paulo aliomba mara 3 mwiba wake, yaani taabu iliyomsumbua mwilini, uondolewe, akajibiwa kwamba neema yamtosha. Hakuambiwa atoe kitu ndipo asikilizwe.

Ila kama na wewe mawazo ya Elia ya kutaka kufa yanakujia, au hulali wiki ya pili sasa, mwambie mtu leo hii na uende hospitali. Daktari na maombi havigombani.

Tafuta pia watu 2 kwenye jumuiya yako. Wawili tu, maana kundi zima la WhatsApp litakuletea ushauri wa kila rangi. Waambie wazi unachotaka: waje wakae, wasikuhubirie. Rafiki zake Ayubu walifanya vizuri siku 7 walizokaa naye chini kimya. Waliharibu walipoanza kumtafutia kosa.

Anza kesho. Jumapili nitakupigia baada ya ibada ya kwanza, uniambie ni "hata lini" ipi iliyokuwa ngumu kuandika.

Mama yako