Maswali ya Wasomaji: Mkanda wa Taiming, Breki Laini na Maji Nyuma ya Viti

Barua nyingi za safari hii zinahusu gari moja, nalo ni Mazda MX-5 ya kizazi cha kwanza, lile dogo la milango miwili lenye taa zinazochomoza kwenye boneti, ambalo lilionyeshwa kwa mara ya kwanza Chicago mwaka 1989 na likaendelea kuundwa hadi mwaka 1997. Si ajabu, kwani ni miongoni mwa magari machache ya spoti ambayo mtu mwenye spana za kawaida na subira anaweza kuyahudumia mwenyewe. Tumechagua barua tano na kuzifupisha.

Swali: Nimenunua MX-5 ya mwaka 1990 yenye injini ya lita 1.6. Mita inasoma kilomita 71,000 tu, na aliyeniuzia anasema mkanda wa taiming hubadilishwa kwenye kilomita 100,000, hivyo nisihangaike. Je, nimwamini? Na kama ni lazima ubadilishwe, naweza kuifanya kazi hiyo mwenyewe?

Aliyekuuzia hakukosea kuhusu kilomita, ila amekupa nusu ya habari. Mkanda huo, unaosawazisha mwendo wa valvu na wa pistoni, ni mpira ulioimarishwa kwa nyuzi, na mpira huzeeka hata gari likiwa limeegeshwa chini ya turubai, kwa sababu joto, hewa na mvuke wa oili huukausha na kuupasua taratibu bila kujali mita inasoma nini. Ikiwa huna risiti wala kibandiko ndani ya boneti kinachoonyesha ulibadilishwa lini, chukulia kwamba haujawahi kubadilishwa. Habari njema ni kwamba katika injini hii pistoni hazigongani na valvu mkanda unapokatika; gari litazimika ghafla popote lilipo, lakini kichwa cha silinda kitabaki salama. Kuzimikiwa katikati ya msafara wa malori ni hatari ya kutosha, kwa hiyo nisingengoja.

Kazi yenyewe unaiweza, lakini kabla ya kununua mkanda ningependa uchukue tochi na uitazame puli iliyo mbele kabisa ya injini, upande wa chini, ambayo imefungwa kwenye krenkshafti, yaani shafti inayozungushwa na pistoni, kwa bolti moja. Injini za lita 1.6 za miaka ya mwanzo, hadi mwaka 1991 hivi, zilikuwa na krenkshafti yenye pua fupi (ncha ya mbele inayobeba puli) na bolti nyembamba, na hapo ndipo ulipo udhaifu mkubwa kuliko wote wa gari hili. Bolti hiyo ikifunguliwa mara moja na kurudishwa bila kukazwa ipasavyo, puli huanza kucheza kidogo kidogo, kipande cha chuma kinachoizuia isiteleze juu ya shafti hula mfereji wake, taiming huyumba, na gari hupoteza nguvu bila sababu inayoonekana. Watu wamebadilisha plagi, waya na hata pampu ya petroli wakitafuta ugonjwa uliokuwa umejificha nyuma ya puli. Ili kuitambua pua fupi, hesabu mianya iliyo kwenye uso wa puli kuizunguka bolti: mianya minne huashiria pua fupi, na mianya minane huashiria pua ndefu iliyokuja baadaye. Kisha washa injini na uiangalie puli kwa upande ikizunguka katika sailensa, yaani bila kukanyaga mafuta. Ikiyumba, usitumie hata senti moja kwa kitu kingine mpaka ujue hali ya shafti hiyo.

Ikiwa imetulia, endelea. Chomoa betri, mwaga maji ya rejeta injini ikiwa imepoa, na uitoe rejeta yenyewe. Wapo wanaoiacha, lakini nafasi utakayoipata ina thamani kuliko dakika utakazookoa. Bolti ya krenkshafti ilegezwe mapema, mkanda ukiwa bado umefungwa, kwa kuweka gia ya tano, mwenzako akikanyaga breki kwa nguvu, nawe ukitumia spana ndefu. Usikubali ushauri wa kuegemeza spana kwenye bodi na kupiga stata ili bolti ifunguke yenyewe, kwani nguvu hiyo huna namna ya kuizuia ikienda kombo.

Zungusha injini kwa kufuata mshale wa saa hadi silinda ya kwanza ifike juu kabisa, alama ya puli ya krenkshafti ikiwa sawa na alama yake, na herufi I na E zilizochapwa kwenye puli za kamshafti (shafti mbili zinazofungua valvu) zikilingana na mistari ya bamba lililo nyuma yake. Hapa ndipo wanaojifunza hukosea kwa jino moja na kushangaa kwa nini gari linanguruma bila kusogea vizuri. Kinga yake ni kuhesabu: kati ya alama ya I na alama ya E, upande wa juu wa mkanda, yawepo meno 19, si 18 wala 20. Wengine huyapaka rangi nyeupe meno hayo kabla ya kuuvalisha mkanda, nami naona ni busara. Tenshena, yaani kifaa cha kukazia mkanda, iache springi yake iuvute mkanda, usiukaze kwa mkono wala kwa bisibisi. Kisha zungusha injini kwa spana mizunguko miwili kamili na uhesabu upya. Ukisikia kizuizi, simama, usilazimishe.

Ukiwa umefika huko ndani, badilisha pia tenshena, rola yake, pampu ya maji, sili ya mbele ya krenkshafti na sili mbili za kamshafti. Pampu haizungushwi na mkanda huu, lakini haitoki mpaka mkanda utolewe, na oili inayovuja kwenye sili kuukuu italoanisha mkanda mpya na kuuharibu mapema. Bolti ya krenkshafti nunua mpya, safisha nyuzi zake, na uikaze kwa spana inayopima nguvu, ukifuata kipimo cha kitabu cha huduma kinachohusu pua ya injini yako. Vipimo vya pua fupi na pua ndefu havifanani, na kuvichanganya ndiko kulikoziharibu krenkshafti nyingi.

Swali: Gari langu lilikaa mwaka mzima bila kutembea. Sasa pedali ya breki ni laini, na nikiikanyaga bila kuiachia inazama polepole hadi karibu na sakafu, ingawa nimeshatoa hewa mara kadhaa. Isitoshe, nilipotaka kubadilisha pedi za nyuma, pistoni imekataa kurudi ndani hata kwa kubanwa na jiriwa. Tatizo ni nini?

Una matatizo mawili yasiyohusiana, na la pili si tatizo hata kidogo, kwa hiyo tuanze na la kwanza. Pedali yenye hewa huwa laini kama sponji, lakini ukiipiga haraka mara tatu au nne hupanda na kuwa ngumu. Pedali inayozama chini ya mguu uliotulia ina sababu nyingine. Zima injini, kanyaga mara kadhaa ili kumaliza msaada wa buta, kifaa kinachoongezea mguu nguvu, kisha ikanyage kwa nguvu ya wastani na uishikilie. Ikizama ilhali kiwango cha mafuta kwenye kikopo hakishuki na hakuna unyevu popote kwenye magurudumu, hozi au paipu, mipira iliyo ndani ya masta silinda (pampu inayosukumwa na pedali) inapitisha mafuta, na hata ukitoa hewa mpaka usiku hutapata nafuu.

Mafuta ya breki huvuta maji kutoka hewani. Yale ya daraja la DOT 4 yakiwa mapya hayachemki kabla ya nyuzi 230 za Selsiasi, lakini yakishanyonya maji kiwango hicho kinaweza kushuka hadi 155, na maji hayohayo huleta kutu ndani ya masta silinda. Kutu huanzia sehemu ya mbele ya silinda, ambako mipira haifiki katika matumizi ya kila siku. Mtu anapotoa hewa kwa kukanyaga pedali hadi sakafuni, huisukuma mipira ipite juu ya kutu hiyo, ambayo huikwangua kama msasa. Sina shaka kwamba hicho ndicho kilichokupata: silinda ilikuwa imechoka, na zile mara kadhaa za kutoa hewa zikaimaliza. Badilisha masta silinda, weka DOT 4 kutoka kopo lililofunguliwa siku hiyohiyo, na utakapotoa hewa weka kipande cha mbao chini ya pedali ili isishuke hadi mwisho. Anza na gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda, umalizie na lililo karibu. Tone likidondoka kwenye rangi ya gari, limwagie maji mara moja badala ya kulifuta kwa kitambaa. Baada ya hapo badilisha mafuta hayo kila baada ya miaka miwili, gari litembee au lisitembee.

Ukiwa kwenye magurudumu, zikunje hozi za mpira kwa vidole. Yenye nyufa au iliyovimba iondoke pamoja na wenzake.

Sasa pistoni ya nyuma. Breki ya mkono ya gari hili hufanya kazi kupitia kalipa (vibanio vya pedi) hizohizo za nyuma, na ndani yake mna skrubu inayoizuia pistoni kurudi, hivyo jiriwa haiwezi kuisukuma bila kuvunja kitu. Nyuma ya kalipa utaona bolti inayofanana na kifuniko tu. Itoe, na ndani ya tundu lake ingiza ufunguo wa pembe sita wa milimita 4. Uzungushe kinyume cha mshale wa saa na pistoni itarudi kwa ulaini wa kukushangaza. Ukishaweka pedi mpya, zungusha kwa kufuata mshale wa saa mpaka pedi ziguse diski, kisha urudishe nyuma theluthi ya mzunguko. Usiporekebisha pedi hivi, breki ya mkono utaivuta hadi juu bila kushika kitu.

Kazi hii yote ifanyike gari likiwa juu ya stendi, si juu ya jeki peke yake, na pedali iwe ngumu kabla gurudumu halijasogea.

Swali: Kila mvua ikinyesha, zulia la nyuma ya viti linalowa, ingawa turubai la paa ni jipya. Je, fundi aliyelifunga alikosea?

Huenda hakukosea. Maji yanayoteremka kwenye paa la turubai yamekusudiwa kuingia kwenye mfereji wa mpira ulio nyuma yake, yashuke kwa mirija miwili, mmoja kila upande karibu na minara ya mikanda ya usalama, na kutokea chini ya gari mbele ya magurudumu ya nyuma. Majani na vumbi vikiiziba mirija hiyo, maji hufurika kwenye zulia, na mabaya zaidi hutuama ndani ya kingo za chini za bodi na kuzioza kuanzia ndani, ambapo huoni chochote mpaka rangi ianze kutoa malengelenge. Ukitaka kununua gari la aina hii, piga magoti na ubonyeze hapo kwa kidole gumba kabla hata hujaifungua boneti.

Fungua paa, tafuta matundu ya juu, na upitishe uzi mnene wa nailoni, ule wa mashine za kukatia nyasi unafaa sana, ukiuzungusha taratibu. Usitumie waya mgumu, na usipulizie hewa ya kompresa, kwa sababu mrija unaweza kuchomoka kwenye kiungio chake na kazi ikawa kubwa zaidi. Mimina kikombe cha maji kila upande na uone kama yanatokea chini haraka. Fanya hivyo kila msimu, hasa ikiwa gari hulala chini ya mti.

Swali: Injini yangu inalia tiki-tiki kwa juu kila asubuhi, kisha inanyamaza ikipata moto. Niifungue?

Hapana. Vifaa vinavyoziba nafasi ya valvu katika injini hii hutumia presha ya oili, na mlio huo ni wao wakisubiri kujaa. Badilisha oili na filta, weka 10W-30, kisha uendeshe safari ndefu ya kutosha kuipasha injini moto kabisa. Ukizidi, au ukibaki hata injini ikiwa ya moto, pima kwanza presha ya oili.

Swali: Betri yangu imekufa. Ninaweza kufunga betri yoyote yenye ukubwa unaoingia?

Ukubwa si hoja pekee, kwa kuwa betri ya gari hili iko ndani ya buti na si mbele kwenye injini. Ile ya awali ilikuwa ya aina iliyofungwa, yenye mirija ya kupeleka gesi nje ya gari. Betri ya kawaida ya maji hutoa haidrojeni na mvuke wa asidi inapochajiwa, na ndani ya buti iliyofungwa gesi hiyo inaweza kushika moto, huku asidi ikiila sakafu. Nunua yenye tundu la kutolea gesi na uhakikishe mirija imechomekwa na kutokea nje. Kabla ya kuiweka, kagua sakafu iliyokuwa chini ya ile ya zamani. Ukikuta unga mweupe au kutu, mwagia maji yaliyochanganywa na bikaboneti ya soda mpaka povu likome, suuza, kausha kabisa, kwangua hadi kwenye chuma safi, ndipo upake rangi ya kuzuia kutu.