Dawa ya upele: mtoto inamchoma, mwasho hauishi

SWALI: Mimi ni mama wa watoto wanne, Ndosho, Goma. Wote wana upele. Farmasi waliniuzia chupa ya dawa nyeupe kama maziwa, imeandikwa benzyl benzoate. Niliwapaka pale penye vipele tu. Mdogo wa miaka 3 alilia sana, ilimchoma. Leo siku ya kumi, usiku bado wanajikuna. Jirani ananiambia nipake kila jioni mpaka uishe. Nifanye nini?

JIBU: Mama, achana na hilo la kila jioni. Dawa hii ikirudiwa ovyo inakausha na kuunguza ngozi, na ngozi iliyoungua inawasha. Hapo utadhani upele umerudi, utapaka tena, na mzunguko hautakwisha.

Anza na kibandiko cha chupa. Kama kimeandikwa asilimia 25, hiyo ni nguvu ya mtu mzima. Ndiyo maana ilimchoma mdogo wako. Mtoto wa miaka 2 hadi 12 anachanganyiwa nusu kwa nusu: mililita 20 za dawa, mililita 20 za maji yaliyochemshwa yakapoa. Wa chini ya miaka 2, sehemu moja ya dawa kwa sehemu tatu za maji, yaani 10 kwa 30. Bomba la sindano lisilo na sindano linapima vizuri kuliko kukisia kwa jicho. Tikisa chupa kwanza, na uchanganye ya kutumia saa hiyo tu. Ikiwa kibandiko kinataja asilimia ndogo kuliko 25, hesabu hii si yake. Rudi umuulize mwenye farmasi.

Kosa la pili ndilo kubwa zaidi: kupaka kwenye vipele peke yake. Kidudu cha upele hakifiki nusu milimita, kinachimba njia chini ya ngozi, na kiko hata mahali ambapo bado hapawashi. Mtu aoge kwa maji yasiyo moto, ajikaushe, ngozi ipoe, kisha apakwe mwili mzima: kichwani, nyuma ya masikio, kwapani, kitovuni, katikati ya vidole, chini ya kucha (zikate fupi kwanza), matakoni, nyayo. Uso uache, pamoja na macho, mdomo na utando laini wa sehemu za siri. Mama anayenyonyesha asipake matiti. Penye kidonda wazi pia usipake. Kuchoma kidogo kwa dakika chache ni kawaida.

Dawa inakaa saa 24. Akinawa mikono, mpake mikono upya. Baada ya hapo aoge, apakwe mara ya pili, saa 24 nyingine, basi. Mjamzito na mtoto wa chini ya miaka 2 wanapakwa mara moja tu, saa 12. Huyo wa chini ya miaka 2 mfunge mikono kwa kitambaa asije akailamba, maana ikimezwa inaweza kuleta degedege. Wa chini ya miezi 6 mpeleke kituo cha afya, usimpake mwenyewe.

Nyumba nzima ipakwe siku moja, hata asiyejikuna. Aliyeambukizwa mara ya kwanza anaweza kukaa wiki 2 hadi 6 kabla ya kusikia mwasho, na kwa baridi ya Goma watoto wanaolala chini ya blanketi moja wanapeana haraka. Nguo na mashuka yafue kwa maji ya moto sana, uanike juani. Yasiyofulika yafunge ndani ya sashe ya plastiki siku 3. Kidudu hakivumilii muda huo bila mwili wa mtu.

Mwasho utabaki wiki 1 hadi 3 hata vidudu vikiwa vimekufa, kwa sababu mabaki yao yamo ngozini. Ukipita hapo, au ukiona vipele vipya, nenda kituo. Penye usaha, nenda kabla ya kupaka: usaha unatibiwa kwanza.

SWALI: Nina miaka 24, naishi Katindo. Nilipaka pomada ya betamethasone, mwasho ukatulia siku nne, sasa umeenea tumboni na sehemu za siri. Upele umezoea dawa?

JIBU: Haujazoea, kaka, kwa kuwa haujaguswa. Pomada hiyo inatuliza hasira ya ngozi tu. Chini yake jike la kidudu cha upele linaendelea kutaga mayai 2 au 3 kwa siku, nayo yanaanguliwa siku ya tatu au ya nne. Iache, ufuate utaratibu wa hapo juu kwa dawa ya asilimia 25 bila maji, wewe na yeyote mnayelala naye. Kama uliitumia kwa wiki nyingi, mwambie muuguzi kwanza. Vinundu vigumu vya sehemu za siri vinaweza kuwasha wiki kadhaa baada ya kupona. Usivikwangue, wala usivipake dawa ya upele kila siku.