Mama Mkwe Ameona, Wewe Unatazama Sura

*Shangazi, nina miaka 28, nimeolewa Tanga, huu mwaka wa tano. Mwanangu wa kiume ana miaka 2 na miezi 3. Mama mkwe kila akija anasema mtoto ana usonji (autism), apelekwe hospitali, na mume wangu anamfuata mama yake kama bendera na upepo. Mwanangu hana dalili hata moja. Nimeangalia video nyingi: wenye usonji wana paji pana, macho yaliyoachana, masikio makubwa. Wangu mzuri kama malaika, njiani kila mtu anamsifu. Ni mtulivu, hupanga vizibo vya soda toka asubuhi mpaka adhuhuri bila kunisumbua. Nikimwita haitiki, kiburi cha babake hicho, lakini nikifungua pakiti ya biskuti chumba cha pili huja mbio, tena kwa ncha za vidole. Alikuwa akisema "maji" na "baba", nilipomwachisha ziwa akanuna, akaacha. Kuchelewa kusema si ajabu. Mjomba wangu, kaka wa mama, yule wa uso mrefu na masikio kama sahani, alichelewa vilevile na mpaka leo anaishi salama kwa bibi. Wiki iliyopita mume wangu alitaka kumpeleka mtoto kliniki, nikaificha kadi. Nimwambie nini mama mkwe aache kumchuria mwanangu?*

Pole, mwanangu. Neno kama hilo juu ya mtoto uliyemzaa linachoma, na wakwe hawachagui maneno. Pole yangu inaishia hapo.

Umeandika barua kumshitaki mama mkwe, lakini ushahidi wote uliouleta ni wake. Mtoto wa miezi 27 haitiki jina lake. Alikuwa na maneno, yamepotea. Anashinda na vizibo, na anatembea kwa vidole. Halafu unaniambia hana dalili hata moja, kwa sababu ana uso mzuri!

Usonji hautambuliwi kwa uso. Daktari hatazami pua, anatazama namna mtoto anavyohusiana na watu na anavyorudiarudia mambo. Daktari Leo Kanner wa Baltimore, Marekani, ambaye makala yake ya mwaka 1943 juu ya watoto 11 ndiyo iliyoipa hali hii nafasi katika tiba, aliwaeleza watoto wale kuwa miili yao ni ya kawaida na nyuso zao ni za akili. Aliongeza kwamba watano wao walikuwa na vichwa vikubwa kiasi. Kwa hiyo malaika wako angekaa vizuri tu katika orodha ya Kanner.

Hizo video zako zina mzizi. Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha Missouri, Marekani, walipiga picha za pande tatu za wavulana 64 wenye usonji na 41 wasio nao, wakapima alama 17 usoni. Wastani wa kundi la kwanza ulionyesha sehemu ya juu ya uso pana zaidi, macho na mdomo vipana zaidi, na sehemu ya kati, mashavu na pua, fupi zaidi. Huo ni wastani wa kundi, unaopatikana kwa kompyuta. Ukiwapanga wavulana wale mbele yako hungejua nani ni nani. Tena walikuwa wa miaka 8 hadi 12, wako hajafika hata mitatu. Anayekuambia tazama paji la mtoto anakupotezea muda wako.

Sura ina kazi yake, lakini kazi yenyewe siyo unayoidhania. Inamsaidia daktari kushuku maradhi mengine ya kurithi ambayo mara nyingi huja pamoja na usonji. Na hapo ndipo uliponishtua, kwa sababu habari nzito kuliko zote umeitupa kama mzaha: mjomba wako.

Mwanamume wa upande wa mama, uso mrefu, masikio makubwa, alichelewa kusema, na mtu mzima yule hajapata kujitegemea (hivyo ndivyo ninavyosoma "anaishi salama kwa bibi"). Daktari akisikia hayo atafikiria hitilafu ya kromosomu X (uzi wa vinasaba tunaorithi) iitwayo "fragile X", ambayo ni miongoni mwa sababu za kurithi za usonji zinazojulikana zaidi. Mvulana hupewa X na mama yake, baba humpa Y. Kwa hiyo kama ndiyo hiyo, haikutoka kwa mama mkwe wala haina uhusiano na kiburi cha babake. Imepita kwa bibi yako, ikaja kwa mama yako, ikafika kwako, na ninyi wanawake mnaweza kuibeba bila kuonekana na lolote. Si lawama, hakuna aliyechagua. Lakini kila mimba yako ingekuwa na nusu ya uwezekano wa kuirithi X hiyo, na ni haki yako kulijua hilo kabla ya mtoto wa pili. Na usije ukasema kwamba mwanao hafanani na mjomba: uso ule mrefu hudhihirika kadiri mtu anavyokua, hasa baada ya balehe. Mtoto wa miaka miwili mwenye hitilafu hii anaweza kuwa na sura ya kawaida kabisa. Kipimo ni cha damu, cha vinasaba, kinachotafuta hitilafu hiyo hasa. Hospitali nyingi hazina, sampuli husafirishwa, kwa hiyo uliza mapema gharama na siku za kungoja.

Kichwa pimeni nyumbani. Utepe wa fundi cherehani usiovutika upite juu kidogo ya nyusi, juu ya masikio, uzunguke kisogoni palipojitokeza zaidi. Pimeni mara tatu, andikeni kipimo kikubwa. Mvulana wa umri wake huwa na kama sentimita 48 na nusu. Ikizidi 51 na nusu, ni kikubwa. Kisha mpime mumeo, au uliza namba ya kofia yake ya Idi, maana vichwa vikubwa vingi ni vya ukoo tu. Kati ya watoto 100 wenye usonji, 15 hadi 20 ndio wenye kichwa kikubwa. Wengi wa waliobaki wana vya kawaida, kwa hiyo kichwa cha kawaida nacho usinijie nacho kama ushindi.

Ngozi nayo huweza kuonyesha maradhi hayo mengine ya kurithi. Mvue nguo zote kwenye mwanga wa jua. Mabaka meupe yenye umbo la jani, matatu au zaidi, au madoa ya rangi ya kahawa sita au zaidi yanayozidi milimita 5, mwonyeshe daktari. Usiyapake dawa ya utangotango ukayafumbia macho.

Kutembea kwa vidole hakumaanishi usonji peke yake, watoto wengi hufanya hivyo wanapoanza kutembea. Mlaze chali, nyoosha goti, sukuma wayo taratibu kuelekea kwake. Kama kifundo kimekaza hakikunji, au kama akiinuka chini hupanda kwa mikono juu ya mapaja yake, huenda tatizo liko kwenye misuli au mishipa ya fahamu, na hilo halisubiri.

Na kuja mbio kwa sauti ya biskuti hakuthibitishi kwamba anasikia vizuri. Mchakacho wa pakiti ni sauti nyembamba, maneno ya watu yana sauti nene na nyembamba pamoja. Maji yaliyotuama nyuma ya ngoma ya sikio yanaweza kufifisha usemi. Omba kipimo cha usikivu cha mashine, si cha muuguzi kupiga makofi nyuma ya kisogo, maana mtoto huhisi upepo au huona kivuli akageuka.

Mumeo unamwita bendera. Ndoa za siku hizi zina shida hii: mke na mume hulala kitanda kimoja, kila mtu kageukia simu yake, na wageni wa kwenye kioo huaminiwa kuliko mama aliyelea watoto mpaka wakawa watu wazima. Bibi akisema neno, ni mchawi. Kijana wa video akisema, ni mtaalamu. Zamani mke na mkwe waligombana juu ya chumvi, lakini mtoto akikohoa walikwenda wote. Leo mwanamke anaficha kadi ya kliniki, eti anamlinda mtoto. Unamlinda na nani? Mume anayetaka kuacha kazi siku nzima ampeleke mwanawe hospitali, wangapi wanamtafuta kama huyo! Mficha uchi hazai, mwanangu, na wewe umeshazaa, sasa unaficha nini?

Kadi irudi kabatini leo. Anzeni hospitali ya Bombo hapo Tanga, mwombe rufaa kwa daktari bingwa wa watoto, hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, au KCMC, Moshi. Ulizeni dodoso la kuchunguza usonji, la maswali 20, la watoto wa miezi 16 hadi 30. Mna miezi mitatu kabla umri haujapita. Alama 3 hadi 7 huleta maswali zaidi, 8 na kuendelea huenda moja kwa moja kwa mtaalamu. Chukueni video fupi za simu, dakika moja moja: akiitwa jina, akila, akiwa na watoto wenzake, akitembea. Msimwekee vizibo, msimfundishe. Andikeni na habari za mjomba, jina la ugonjwa kama hamlijui msilibuni, semeni mlichokiona.

Wakati mnangoja, vizibo gawana naye: shika kimoja, kaa chini usawa wa macho yake, sema "kizibo", mpe anapokutazama. Usiwe na haraka ya kumpa.

Na siku ya kwenda, mama mkwe apande gari nanyi. Daktari atauliza "maji" ilipotea mwezi gani, na kwa unavyoandika, yeye ndiye aliyekuwa akihesabu.