Barua kwa mwanangu: kuhusu ubatizo wa mtoto, na Shangazi yako

Isevya, Tabora
Jumapili jioni

Mwanangu mpendwa,

Shikamoo yako tumeipokea, marahaba. Sisi huku tu wazima. Goti la mama yako linamsumbua lakini sokoni anafika, na mvua imeanza kudondoka wiki hii, ile ya mwanzo inayoinua harufu ya vumbi. Ujumbe wako niliusoma Jumatano nikanyamaza. Leo baada ya ibada nimeusoma tena. Umeuliza: "Baba, tukija Krismasi mtoto atabatizwa hapo kwenu, au watataka cheti cha ndoa kwanza?"

Ningeweza kukujibu kwa neno moja ukaridhika. Ila neno ulilotumia limenikaa kooni: watataka. Hao unaowaogopa, mwanangu, ni sisi. Ni mimi. Kitabu cha washarika kiko kwenye kabati la sebuleni, chini ya redio, palepale kilipokaa tangu hujazaliwa, na mwandiko uliomo ni wangu.

Umekulia katika kanisa hili, kwa hiyo sina haja ya kukueleza benchi la nyuma. Lile la mninga, karibu na mlango, lenye mguu mmoja uliowekewa kipande cha tofali. Ulikuwa na miaka sita au saba uliponiuliza kwa nini mama mmoja jirani yetu anakaa kule peke yake wakati mbele nafasi ipo. Nilikwambia nyamaza, ibada inaendelea. Naikumbuka sauti niliyotumia. Leo ungeniuliza ningekujibu: benchi la nyuma hakulichonga Mungu, tulilichonga sisi.

Shangazi yako wewe unamjua kama mtu wa asali, anayeshuka kwenye basi la Sikonge na ndoo zake mbili, anacheka na kila mtu, na kanisani haingii. Hukuwahi kuniuliza kwa nini, nami kila mwaka nilishukuru kimoyomoyo kwamba hukuuliza. Sasa umeuliza, hata kama hukujua kwamba ndicho ulichouliza.

Ilikuwa mwaka 1988. Shangazi yako alikuwa kidato cha pili, na wakati ule msichana akishika mimba shule imeisha, hakuna mjadala. Likabaki kanisa. Baraza la wazee lilikaa Alhamisi, taa ya chemli mezani, na mimi, mdogo kuliko wote, ndiye niliyekuwa katibu. Aliyempa mimba nilimjua, Bibi yako alikuwa ameniambia. Alikuwa kijana wa kwaya, mwimbaji wa besi, na baba yake alikaa kiti cha pili kutoka changu. Mwenyekiti aliuliza kama kuna mwenye la kuongeza. Nilikuwa nalo. Nikainamia kitabu, nikaandika.

Jumapili nikasimama kusoma matangazo. Mazoezi ya kwaya, zamu za kufagia, michango ya bati, kisha waliotengwa na Meza ya Bwana. Majina matatu, yote ya wasichana. La tatu lilikuwa la mdogo wangu wa tumbo moja.

Alikuwa amekaa safu ya tatu na Bibi yako. Akainuka, akachukua kitabu chake cha nyimbo, akaanza kutembea kwenda nyuma. Kandambili yake ya kulia ilikuwa imekatika ukanda na kuungwa kwa waya, na ule waya ulikuwa unakwaruza sakafu kila akinyanyua mguu. Krr. Krr. Kanisa zima kimya, unasikia ule waya tu, kutoka safu ya tatu hadi mlangoni. Alipokaa nikaendelea na tangazo lililofuata. Kwaya ikasimama kuimba, na besi ilisikika vizuri sana siku ile.

Baada ya kujifungua aliambiwa aje mbele ya ushirika atubu ili arudishwe kundini. Akaja na mtoto mgongoni. Mchungaji wa wakati ule akamuuliza maswali, naye hakujibu. Akatazama upande wa kwaya kwa muda mrefu, mpaka mtoto akaanza kulia, kisha akatoka kwa mlango wa upande wa mwembe. Hajarudi mpaka leo. Binamu yako alibatizwa akiwa mtu mzima, mji mwingine, na kwetu hakuja mjumbe wa kutualika.

Mwaka jana baada ya mavuno nilipanda basi nikamfuata Sikonge. Nilimkuta anachuja asali, masega yamelala kwenye kitambaa cheupe juu ya sufuria, nyuki wawili watatu wanamzunguka naye hawajali. Akanikaribisha vizuri, akanipa uji wa ulezi na kisahani cha michembe ya viazi vitamu. Nikayasema yote, ya kikao, ya kijana wa besi, ya kuinamia kitabu. Aliendelea kuminya kitambaa mpaka asali ikaacha kudondoka. Kisha akasema, "Kaka, siku ile ulisoma jina langu vizuri. Hukukosea hata herufi."

Hakuongeza neno. Jioni alinisindikiza kituoni akanipa chupa ya asali. Ipo hapa kabatini, karibu na kitabu. Mama yako amekatazwa kuifungua.

Sasa nikwambie kanisa lilivyo, kwa sababu uliondoka kabla ya haya. Mchungaji tuliye naye ni mwanamke, huu ni mwaka wake wa nne. Alipofika watu walimwita "mama mchungaji", wakidhani mume ndiye anayekuja na lori la mizigo nyuma. Walutheri wa KKKT walikubali wanawake wabarikiwe kuwa wachungaji mwaka 1990, na 1991 wakabarikiwa wa kwanza. Sisi tulibaki tukibishana miaka mingi, na mimi nilikuwa upande wa wabishi, wewe unajua, ulinisikia mezani. Nilikosea.

Majilio yake ya kwanza hapa, zile wiki za kungoja Krismasi, alifungua Mathayo sura ya kwanza, ile orodha ya majina ambayo sisi sote huwa tunairuka. Akaisoma yote, polepole, akawa anasimama kwa kila mwanamke: Tamari, Rahabu, Ruthu, mke wa Uria, Mariamu. Akatuuliza ni yupi kati ya hawa watano ambaye baraza letu la wazee lingempa safu ya mbele. Nilikuwa na kitabu mapajani. Nikakipekua palepale, kurasa za nyuma na nyuma zaidi. Wasichana wamejaa. Wanaume waliotengwa kwa kosa hilohilo, kwa mkono wangu na kwa miaka yote hiyo, walikuwa wawili.

Wiki iliyofuata benchi lilitolewa. Tulibeba wanaume wanne, mninga ni mzito, tukaliweka chini ya mwembe. Sasa hivi ndipo wanapokaa mabinti wanaonyonyesha kabla ya kwenda darasani. Unakumbuka Novemba 2021 Serikali ilitangaza kwamba msichana aliyejifungua anaruhusiwa kurudi shuleni. Tangazo lilipokelewa kwa shangwe, lakini mtoto mchanga atabaki na nani? Ndipo Mchungaji akaomba kile chumba cha stoo, tukatoa mabati chakavu, bibi za kanisa wakagawana zamu. Leo kuna watoto saba. Mama yako ana zamu ya Jumanne, goti au si goti.

Wapo wasiokubaliana na haya, nisikufiche. Mzee mwenzangu, ambaye namheshimu sana, ananiambia tukiacha kutenga tutakuwa tumebariki kila kitu, kanisa litakosa miiko. Kuna siku namwelewa. Nyumba isiyo na miiko si nyumba, nami nimekulea wewe kwa miiko. Halafu nakaa nawaza: ile miiko yetu ilizuia mimba ngapi? Sioni hata moja. Ilichozuia ni Shangazi yako kuimba, na alikuwa na sauti kuliko wote. Kisha namwelewa tena yule mzee, kwa sababu ndoa ni kitu kikubwa na sitaki mtu adhani tumeidharau. Ila mtoto habatizwi kwa cheti cha wazazi wake. Na benchi la nyuma hakulichonga Mungu. Hapo ndipo ninapofika kila nikizunguka.

Leo ungekuwepo kwenye mnada wa sadaka ungefurahi. Unajua wasio na fedha taslimu wanavyoleta walicho nacho: maembe, matobolwa ya viazi vitamu, kuku aliyefungwa miguu, debe la mahindi kwa mwenye uwezo. Bibi mmoja wa Ipuli, mzee sana, alileta yai moja, amelilaza kwenye kikombe cha bati chenye maharage lisivunjike. Kijana wa mnada akalinyanyua juu, "elfu moja, nani anaongeza?" Likanunuliwa kwa elfu mbili, mnunuzi akalirudisha liuzwe tena. Likanunuliwa, likarudishwa. Mara tano. Wa mwisho kulinunua alikuwa mmoja wa mabinti wa chumba cha watoto, kwa elfu moja yake iliyokunjwa pembeni ya khanga, na yeye hakulirudisha mnadani. Alimpelekea yule bibi mkononi, akapiga goti. Yai likaingiza shilingi elfu kumi na saba, na bibi akarudi nalo Ipuli ndani ya kikombe chake. Nilipokuwa naandika hesabu ilibidi nifute miwani.

Mbele yetu kuna mambo mengi. Jumamosi ijayo tunapanda miti nyuma ya kanisa na kando ya njia ya bwawani, miche ya mninga na miembe mia mbili, maana mkoa huu tumeuchoma sana kwa kukausha tumbaku, na mimi mwenyewe baba yangu alikuwa na bani, banda la kukaushia. Wiki hiyohiyo zinaanza Siku 16 za kupinga ukatili wa kijinsia, toka tarehe 25 Novemba hadi 10 Desemba, na sisi wanaume wa kanisa tumepewa jioni moja yetu wenyewe. Nimeombwa nizungumze. Nitasoma ukurasa wa mwaka 1988, bila jina la mtu ila langu. Nilimpigia Shangazi yako kumwomba ruhusa, akasema, "Soma."

Kisha Majilio, Jumapili nne. Kwaya ya vijana inajifunza nyimbo za kwenda kuimba wodini, hospitali ya Kitete. Mkesha wa Krismasi tunakula pamoja uwanjani, jirani zetu Waislamu wa mtaa wa Ng'ambo wameahidi sufuria tatu za pilau na majamvi, kama sisi tulivyowasaidia maji siku ya Idi. Na ubatizo wa watoto ni tarehe 26 Desemba, ibada ya saa nne.

Kwa hiyo jibu ni kwamba hatuombi cheti. Anahitajika mzazi mmoja au wote, na wasimamizi wawili wanaojua wanachoahidi. Mtakaa safu yoyote mnayotaka.

Lakini je, uje? Hilo nilitaka kukuamulia. Mama yako amenizuia, anasema nimeamua mambo ya wanawake wa ukoo huu ya kutosha. Ni kweli kuna macho. Wapo watakaohesabu vidole, wapo watakaokusalimu kwa midomo. Siwezi kukuahidi kanisa lenye watu wema watupu, na huko Dodoma nako kuna wachungaji. Moyo wangu unajua unachotaka, nawe unaujua, basi niishie hapo.

Na kuhusu baba wa mtoto sisemi. Nilikuwa nimeandika nusu ukurasa, nimeichana. Nina neno moja tu, kwamba mwanamume anayejua... Hapana. Nimesema sisemi. Akija na wewe nitampa kiti.

Shangazi yako nimemwambia kuhusu tarehe 26. Kanisani hakusema ataingia. Aliuliza tu kama mwembe bado upo, na kama pale chini pana pa kukaa. Nikamwambia pana benchi. Akanyamaza kidogo, akasema asali ya mwaka huu ni nzuri, ya maua ya miombo.

Kitabu cha ubatizo nimeshakitoa kabatini, kalamu ina wino. Ukiamua, niandikie jina kamili la mjukuu wangu, herufi kwa herufi, kama unavyotaka lisomwe.

Mama yako anakusalimu, anauliza kama mtoto ameota jino.

Ni mimi baba yako