Corolla 110 inatetemeka baada ya kubadilisha silinda hedi

Kaka pole, ila kabla hujabadilisha koili wala plagi angalia taimingi kwanza, yaani krenki ya chini na kamshafti ya juu inayofungua valvu kama zinazunguka kwa mpangilio, gari iliyotoka kufunguliwa hedi jana ikianza kutetemeka na kukosa nguvu leo basi mara nyingi mkanda wa taimingi unaoziunganisha umeruka jino. Hiyo injini yako ya 5A-FE ni rahisi, toa plagi zote 4 injini iwe nyepesi, shika boliti ya krenki na spana uzungushe kwa mkono kufuata mshale wa saa mpaka alama ya puli ikae kwenye 0, halafu chungulia puli ya kamshafti juu, katundu kake kaendane na alama ya kepu ya beringi. Isipoendana jaribu kuzungusha tena mzunguko mmoja, maana krenki inazunguka mara 2 kamshafti mara 1, watu wengi wanababaika hapo wanafungua mkanda bure. Ikigoma kuzunguka usilazimishe.

Sasa alama zikikaa vizuri na bado inatetemeka fungua tapeti kava, kile kifuniko cha juu ya hedi, humo ndani kamshafti mbili zinashikana kwa gia na gia nazo zina alama zake, fundi akizipishanisha jino moja huko nje utaona kila kitu kiko sawa kumbe wapi. Mimi ilinikuta hiyo, nikashinda na mkanda siku nzima. Ukimaliza kurekebisha, tenshena, ile puli inayokaza mkanda, ndo ufunge, zungusha mara 2 tena, angalia upya. Mambo ya distributa inayogawa moto kwenye plagi, na taimingi laiti, ile taa ya kuseti moto digrii 10, ni mwishoni kabisa.